Fungu si Daraja: Uhakiki wa Istilahi za Mashindano ya Bastola

Tumeletewa mezani tafsiri ya Kiswahili ya muhtasari wa kanuni za mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola, tukaombwa tuitolee maoni kabla haijapigwa chapa. Aliyeifasiri anakijua Kiswahili vema, na sentensi zake hazina kigugumizi. Hata hivyo, msomaji akifika mwisho wa kurasa zile hatajua ni nani anashindana na nani, wala kwa nini. Kosa si la sarufi. Limetokana na uchaguzi wa istilahi chache tu, nazo ndizo nguzo za kanuni zote.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: ya nini kupoteza kurasa kwa mchezo wa watu wachache? Jibu ni kwamba tatizo lililomo si la bastola peke yake. Lugha iliyofasiriwa ina mifumo miwili ya kuwapanga watu, kila mmoja na jina lake. Tafsiri imeyamimina majina hayo mawili katika chungu kimoja. Mwalimu anayefasiri silabasi, karani anayetayarisha fomu na mwanasheria anayefasiri kanuni hukutana na jambo hilo hilo kila mwaka. Zaidi ya hayo, mchezo huu unachezwa kwa silaha za moto, na nchini Kenya, mathalani, una wafuasi wake. Kanuni zake zikieleweka kombo, hasara haiishii katika ubishi wa vikombe.

Mchezo wenyewe

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe, ndipo tulihakiki jina lake. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lijulikanalo kwa kifupi kuwa IPSC, liliundwa mwaka 1976 katika mkutano uliofanyika Columbia, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Tawi lake la Marekani, USPSA, liliandikishwa mwaka 1984, na kanuni zilizofasiriwa kwa sehemu kubwa ni za tawi hilo.

Katika mchezo huu mshindani hasimami mahali pamoja kama mlengaji wa Olimpiki. Huenda kutoka kituo hadi kituo, hupiga shabaha zilizotawanywa, hubadili magazini huku akitembea, na saa humhesabia tangu ishara ya kuanza hadi risasi ya mwisho. Alama alizopata hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Mwenye alama 100 kwa sekunde 20 hupata 5. Mwenye alama 90 kwa sekunde 15 hupata 6, naye ndiye aliyemshinda mwenzake.

Sasa washindani hao hupangwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza hutazama zana: bastola ya namna gani, ina kilengeo gani, magazini yake ina urefu gani, risasi zake zina msukumo kiasi gani. Njia ya pili humtazama mtu mwenyewe. Hupewa majaribio maalumu yaliyopangwa kwa namna moja kila mahali, na matokeo yake hulinganishwa na kiwango cha juu kilichowekwa kwa zana za aina hiyo hiyo. Akifikia asilimia 95 au zaidi yumo katika ngazi ya juu kabisa. Asilimia 85 hadi chini ya 95 ni ngazi ya pili. Kisha hufuata A kuanzia 75, B kuanzia 60, C kuanzia 40, na D kwa walio chini ya hapo.

Jambo la kushikilia ni hili: njia hizo mbili ni tofauti, lakini hukutana kwa mtu mmoja. Mshindani huweza kuwa A akitumia bastola ya magazini, akawa B siku anayoshika rivolva. Hajapungukiwa akili, amebadili zana tu.

Neno moja, mizani mbili

Tafsiri tunayoihakiki imetumia neno "daraja" kwa njia zote mbili. Matokeo yake ni sentensi kama hii: "Mshindani wa daraja A aliye katika daraja la wazi atatuzwa katika daraja lake." Daraja lipi? Aliyeandika alijua. Atakayesoma atakisia, na wasomaji wawili hawatakisia jambo moja.

Hatuna haki ya kumlaumu mfasiri peke yake, maana historia ya maneno haya ndiyo iliyomtega. Neno la Kiingereza "division" limeingia kwetu kwa milango mitatu. Katika utawala tumeliita tarafa. Katika kandanda tumeliita daraja, ndipo tukawa na ligi daraja la kwanza. Shuleni tumeliacha kama lilivyo, likawa divisheni. Nalo neno "class" limepita milango mingi zaidi: ni darasa kwa mwanafunzi, ni daraja kwa abiria wa treni, ni tabaka kwa mwanasiasa, na kwa mwanaisimu ni ngeli. Milango hiyo inakutana katika ukumbi mmoja tu, nao ni "daraja". Mfasiri aliyezoea kusoma kurasa za michezo ataingia ukumbini humo pasipo kujua kwamba ameingia mara mbili.

Wako watakaoshauri kwamba tuseme "divisheni" kwa mgawanyo wa zana na "daraja" kwa mgawanyo wa ustadi, kwa kuwa walengaji wenyewe huzungumza hivyo. Ushauri huo una nguvu, maana istilahi haiwezi kuwapuuza wanaoitumia. Lakini tuangalie neno hilo linasikikaje Tanzania. Kijana akisema kwamba amepata divisheni ya kwanza katika mtihani wa kidato cha nne, kila mtu hujua kwamba amefaulu vizuri, wala hakuna anayeuliza aliandika kwa kalamu gani. Katika mashindano ya bastola, mgawanyo huu unauliza hasa habari ya kalamu. Basi neno "divisheni" lingempa msomaji wetu maana iliyopinduliwa miguu juu: angedhani linasema juu ya ufaulu, ilhali linasema juu ya chombo. Neno geni lisilojulikana huweza kufundishwa. Neno lililokwisha kushika maana ya kinyume ni gumu zaidi kuliko lile lisilojulikana.

"Tarafa" halifai kwa sababu iliyo wazi. "Kundi" lingefaa, kama lisingekuwa na kazi nyingine katika mchezo huu huu: washindani hugawanywa katika makundi ya watu wachache wanaozunguka vituo pamoja, na ndani ya kundi moja humo humo wamo wenye zana mbalimbali. Tukitumia "kundi" kwa zana tutakuwa tumetoka shimo moja na kuingia lingine.

Sisi tunapendekeza "fungu". Mwuza samaki sokoni hupanga mafungu yake: dagaa peke yao, changu peke yao, ngisi peke yao. Kupanga huko si kusema kwamba ngisi ni bora kuliko changu; ni kutenga vitu visivyopimika pamoja. Hiyo ndiyo kazi hasa ya mgawanyo wa zana. Ndani ya kila fungu ndipo bora na hafifu hutafutwa, na huko ndiko neno "daraja" linakostahili. Sentensi ile sasa itasomeka hivi: "Mshindani wa daraja A aliye katika fungu huru atatuzwa pamoja na wenzake wa daraja hilo ndani ya fungu hilo." Ni ndefu kidogo, lakini haina maana mbili.

Tutaambiwa kwamba "fungu" nalo lina maana nyingine, kwa mfano katika makadirio ya fedha za serikali, na hata mchanga unaojitokeza baharini maji yakipwa. Ni kweli. Lakini neno kuwa na maana nyingi si kosa. Lugha zote hufanya hivyo. Kosa ni maana mbili kukutana katika sentensi moja ya fani moja. Hakuna kanuni ya mashindano ya bastola itakayotaja makadirio ya fedha au mchanga wa bahari.

Majina ya mafungu

Tukishakubaliana juu ya "fungu", yabaki majina ya mafungu yenyewe. Hapa ndugu zetu wa masumbwi wametutangulia. Wao hawakuita makundi yao ya kwanza, ya pili na ya tatu. Walisema uzito wa juu, uzito wa kati, uzito wa unyoya. Jina lenyewe linatamka kipimo kilichotumika. Tafsiri tunayoihakiki haikufuata njia hiyo.

Fungu la kwanza limeitwa "la wazi". Msikilizaji wa Kiswahili ataelewa kwamba ni fungu ambalo mlango wake uko wazi kwa kila mtu, pengine hata kwa anayeanza. Maana halisi ni kwamba vikwazo vya zana vimelegezwa: kioo cha kulengea kinaruhusiwa, kadhalika kifaa cha kupunguza mtikisiko mdomoni mwa mtutu, na magazini ya urefu usiozidi milimita 171.25. Kwa kweli hili ndilo fungu la bastola zilizofanyiwa kazi nyingi na fundi. Tunapendekeza "fungu huru". Lililo mkabala nalo, ambalo hukataza kioo na kifaa kile na kuweka magazini katika milimita 141.25, mfasiri ameliita "daraja lenye dhima ya kikomo", kana kwamba ni kampuni inayoandikishwa kwa msajili. Liwe "fungu la mipaka", na jozi hiyo itajieleza yenyewe: huru na mipaka.

Kichekesho kikubwa ni "daraja la uzalishaji". Anayesoma hivyo atafikiri kwamba walengaji wanashindania magunia ya mahindi. Neno la asili lataka kusema kwamba bastola ni ile inayotengenezwa kiwandani kwa wingi na kuuzwa kama ilivyo, isiyobadilishwa ila kwa kiasi kidogo kilichotajwa na kanuni. "Fungu la kiwandani" linatosha.

Fungu la bastola ambazo risasi hujipanga magazinini kwa safu moja limeitwa sawasawa, "la safu moja", nasi hatuna la kuongeza. "Bastola ya kuzunguka" kwa rivolva, hata hivyo, hudanganya: kinachozunguka ni silinda, si bastola. Neno "rivolva" limekwisha kusikika na litumike.

Ama "darubini", mfasiri amelitumia kwa kile kioo kidogo chenye nukta nyekundu ya mwanga. Darubini huvuta vitu vya mbali vikaonekana vikubwa. Kioo hiki hakikuzi kitu. Huonyesha tu mahali bastola inapoelekea. Tuseme "kioo cha nukta". Na "mfuko wa bastola" uachwe, kwani msomaji atadhani ni mfuko wa suruali, ambapo bastola haitakiwi kabisa kutiwa. Wazee wetu waliita kitu cha kutilia jambia na upanga "ala". Bastola nayo yastahili ala yake.

Uzito wa risasi

Tumefika mahali ambapo kosa la istilahi hugeuka kuwa kosa la hesabu. Kanuni hutaka risasi zipimwe msukumo wake. Uzito huzidishwa kwa mwendo, kisha hugawanywa kwa 1000. Kwa kanuni za Marekani, jawabu likifika 165 mshindani huhesabiwa katika kiwango cha juu, mradi fungu lake linakiruhusu. Likifika 125 huhesabiwa katika kiwango cha chini. Likipungua hapo, hana alama. Tofauti ya viwango hivyo huonekana kwenye shabaha. Anayepiga eneo la katikati, A, hupata 5 kwa vyovyote. Anayepiga eneo C hupata 4 katika kiwango cha juu na 3 katika kiwango cha chini. Eneo D ni 2 kwa 1.

Tafsiri inasema: "Pima uzito wa risasi." Lakini "risasi" kwetu ni mambo matatu. Ni kile kitu kizima kinachotiwa magazinini. Ni kichwa cha madini kinachotoka mtutuni. Tena ni tendo la kupiga, kama tusemapo zilisikika risasi tatu. Kanuni hutaka kichwa peke yake. Chukua risasi ya milimita 9 yenye kichwa cha greni 124, yaani takriban gramu 8, kinachokwenda futi 1050 kwa sekunde. Jawabu ni 130.2, kiwango cha chini. Sasa mwamuzi anayefuata maandishi ya Kiswahili akiiweka mizanini risasi nzima pamoja na ganda na baruti, ataona takriban gramu 12, yaani greni 185 hivi. Jawabu lake litakuwa karibu 194, na mshindani yule atapandishwa kiwango cha juu, aongezewe alama moja kwa kila pigo lililokosa katikati. Risasi dhaifu, ambayo kichwa chake kingeenda futi 950 na kupata 117.8, ingekubaliwa ilhali haina haki hata ya alama moja.

Basi "risasi" ibaki kwa kitu kizima, "kichwa cha risasi" kwa kinachoruka, "ganda" kwa kinachobaki, na "pigo" kwa tendo. Maneno haya yote yako vinywani mwa watu. Tunachofanya ni kuyagawia kazi.

Kuna mambo mawili madogo hapa. Kwanza, mfasiri ameandika "punje 124", na msomaji ataona marisau 124 yakitawanyika. Greni ni kipimo cha uzito, 7000 katika ratili moja, iitwe greni. Pili, ameita viwango hivyo "risasi kubwa" na "risasi ndogo". Unene wa risasi si msukumo wake. Katika fungu huru risasi ya milimita 9 iliyotiwa baruti ya kutosha hufika kiwango cha juu. "Msukumo wa juu" na "msukumo wa chini" hayatampoteza mtu. Na kwa kuwa herufi A, C na D hutumika kwa maeneo ya shabaha na pia kwa ustadi, kamwe herufi isiachwe peke yake: iandikwe "eneo A" au "daraja A".

Majina ya madaraja

Ukurasa wa mwisho wa tafsiri unataja pia mashindano ya zamani zaidi ya Marekani, yaendeshwayo na chama cha bunduki cha nchi hiyo, NRA, ambamo mlengaji husimama na kupiga kwa mkono mmoja kutoka yadi 25 na 50. Huko madaraja hayana herufi bali majina, matano kwa idadi. Mfasiri ameyapa majina haya kuanzia chini kwenda juu: mlenga shabaha hodari, mdunguaji, mtaalamu, bwana, bwana mkubwa.

Tazama linalotokea. Wa mwisho kabisa, ambaye hajafikia asilimia 85, ndiye anayeitwa hodari. Neno la Kiingereza "marksman" katika mazungumzo ya kawaida ni sifa kweli, na kamusi haikumdanganya mfasiri. Lakini katika orodha hii ni jina la ngazi ya chini. Katika chama kingine cha Marekani, IDPA, kilichoanzishwa mwaka 1996, neno hilo hilo liko ngazi ya pili kutoka chini, juu ya wanaoanza. Neno halikubadilika, ngazi ndiyo iliyobadilika. Hivyo mfasiri wa madaraja hafasiri neno, hufasiri ngazi. Jeshini askari wa cheo cha chini huitwa praiveti, wala hakuna aliyewahi kumwita mtu wa faragha.

Majina mengine nayo yana hatari zake. "Mdunguaji" ni askari anayejificha na kumlenga mtu. Kumpa jina hilo mshindani wa daraja la pili kutoka chini ni kumtia katika kazi asiyoiomba. "Mtaalamu" kwa afisa wa serikali atakayesoma cheti ni mtu aliyesomea jambo, anayeweza kuitwa mahakamani kutoa ushahidi juu ya silaha. Cheti hiki hakisemi hivyo, kinasema tu kwamba mwenye nacho hufikia asilimia 90. "Bwana" halihitaji maelezo. Na kama kuna anayefikiria "bingwa", tunamsihi alihifadhi kwa mshindi wa mashindano. Mtu aweza kufika daraja la juu pasipo kushinda kombe hata moja, na mwenye kombe aweza kuwa wa daraja B aliyewashinda wenzake wa B.

Mapendekezo

Kwa ufupi, tunapendekeza istilahi zifuatazo.

1. Fungu: mgawanyo wa washindani kwa zana. Mifano: fungu huru, fungu la mipaka, fungu la kiwandani, fungu la safu moja, fungu la rivolva.
2. Daraja: mgawanyo wa washindani kwa ustadi, ndani ya fungu.
3. Kundi: washindani wanaozunguka vituo pamoja siku ya mashindano.
4. Eneo: sehemu ya shabaha yenye alama yake.
5. Risasi, kichwa cha risasi, ganda, pigo: kama ilivyoelezwa juu.
6. Msukumo wa juu, msukumo wa chini: viwango vya uzito wa kichwa uliozidishwa kwa mwendo.
7. Mlengaji, mlengaji hodari, mjuzi, mstadi, mstadi mkuu: madaraja matano ya majina, kutoka chini kwenda juu. Katika mfumo wa herufi, mstadi na mstadi mkuu watangulie A, B, C na D.
8. Ala, kioo cha nukta, magazini, rivolva: majina ya zana.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Walengaji wenyewe huenda wana maneno yaliyo mazuri zaidi, nasi tutafurahi kuyapokea. Tunachosisitiza ni utaratibu. Kabla ya kufasiri jina la mgawanyo wowote, uwe wa bastola, wa mishahara au wa mitihani, mfasiri ajiulize maswali mawili: ni kitu gani kinachopimwa hapa, na neno nililochagua limekwisha kupima nini katika masikio ya wasomaji wangu? Majibu yakigongana, neno hilo liachwe, hata kama ndilo lililokuja kwanza mdomoni. Tafsiri tuliyoihakiki yaweza kurekebishwa kwa kazi ya siku mbili, nasi tunashauri irekebishwe kabla ya kufika mikononi mwa waamuzi.